Kupokezana, Kuzimua, Kupima: Bahari Ndogo ya Mogogosiek

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili atokaye nyanda za chai hubeba deni ambalo mwenzake wa Lamu au Pemba halijui. Humsoma Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, akakutana na vyombo, pepo na mawimbi. Humsoma Haji Gora Haji wa Tumbatu, ambaye diwani yake ya Kimbunga ilichapishwa mwaka 1994, akakutana na bahari tena. Kisha hufungua sherehe ya msamiati mwishoni mwa kitabu, akaona kwamba bamvua ni maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwamba maji mafu ni kinyume chake. Hukariri, huandika mtihani, hufaulu. Hata hivyo, moyoni anajua kwamba neno hilo amelikopa na hajalilipia.

Mimi ni mmoja wa wadeni hao. Nilizaliwa Litein, Kericho, na tasnifu yangu ya uzamili inahusu taswira za bahari katika ushairi wa Kiswahili. Wapo walioniuliza, kwa mzaha na pengine si kwa mzaha, mtoto wa majani chai ana kauli gani juu ya maji ya chumvi. Nia ya insha hii si kuwajibu kwa nadharia. Nataka kueleza kazi ya mikono niliyoifanya nyumbani kwa mjomba wangu mwezi Desemba mwaka 2023: kuunda mtambo wa kubadilisha maji ya hodhi la samaki wa baharini pasipo mtu kuinua ndoo. Kazi hiyo ilitulazimisha, yeye na mimi, kutafuta maneno, na katika kutafuta huko nilianza kulipa deni langu.

Mjomba anaishi Mogogosiek, katika Konoin, Kaunti ya Bomet, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tazama, ndugu msomaji, jinsi vilima vyetu vinavyopimwa kwa kitu tusichokiona. Huku mvua hunyesha karibu kila mwezi, mara nyingi alasiri, na huja na radi pamoja na mvua ya mawe ambayo kila mkulima wa chai huiogopa. Udongo ni mwekundu wenye asidi, na mchai huupenda kwa sababu hiyo hiyo. Mito ya pande hizi, kama vile Itare na Kipsonoi, hushuka kuelekea magharibi hadi mto Sondu, nao Sondu humwagika katika Ziwa Victoria. Kutoka ziwani maji huandamana na mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Kwa hiyo mvua inyeshayo juu ya paa la mjomba haina njia ya kwenda Mombasa. Kiendacho Mombasa ni chai. Huchumwa, husindikwa, hupakiwa malorini na kuteremshwa hadi pwani, ambako huuzwa mnadani. Maji yetu huipa Bahari ya Hindi kisogo. Majani yetu huielekea.

Mjomba alikuwa mmoja wa madereva wa malori hayo kwa miaka 28, hadi alipostaafu mwaka 2014. Kiswahili chake hakikutoka darasani. Alikiokota katika foleni za mizani ya Mariakani, katika mikahawa ya Voi na Mtito Andei, na kwa wavuvi wa Likoni aliokaa nao alipokuwa akingoja zamu ya kushusha mzigo. Ni yeye aliyenieleza, nikiwa bado shule ya msingi, kwamba pwani ni mahali maji yanapopwa, na kwamba jina lenyewe limezaliwa na kitenzi hicho. Miaka mingi baadaye nilikuta maelezo hayo hayo katika vitabu vya isimu, nikaona kwamba wavuvi wa Likoni walikuwa wamekwisha kunifundisha kupitia kwa dereva wa Kipsigis.

Mwaka 2012 mjomba alinunua jijini Nairobi hodhi la kioo la lita 200 na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mapande meupe, wa jamii ile ijifichayo baina ya mikono inayowasha ya mnyama laini wa mwambani. Katika safari zake za kurudi alileta maji ya bahari kwenye mitungi ya plastiki ya lita 20. Aliyachota mbali na bandari, maji yakiwa yamejaa. Lori lilishuka na chai, likapanda na bahari. Alipostaafu, alianza kununua chumvi iliyoundwa mahsusi kwa kazi hiyo, maana chumvi ya mezani haifai. Maji ya bahari hayana chumvi ya kawaida peke yake. Yana magnesi, kalisi, potasi na madini mengine kwa viwango vinavyoelekeana. Ukikosea uwiano huo, samaki atavumilia kwa siku chache tu.

Ni kwa nini maji hayo yabadilishwe? Samaki akila, hutoa uchafu. Uchafu huo huzaa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria waishio katika mawe na mchanga hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti huwa nitrati. Nitrati haiui upesi, lakini katika hodhi la kioo haina pa kwenda, hivyo hujikusanya siku baada ya siku. Aidha, madini ambayo viumbe hutumia hupungua. Baharini jambo hili si tatizo, kwa kuwa maji ni mengi na kupwa na kujaa huyasukuma mwambani mara mbili kutwa. Katika hodhi, binadamu ndiye mwezi na ndiye upepo. Hana budi kutoa maji ya kale na kutia mapya.

Mjomba alikuwa akitoa lita 60 kila mwisho wa mwezi, yaani mitungi mitatu, na kutia nyingine tatu. Alifanya hivyo kwa miaka 11. Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Mwanzoni ilikuwa kikombe cha chai kugonga kisahani. Baadaye ikawa mtungi kumponyoka na maji ya chumvi kutapakaa sebuleni. Daktari alimkataza kuinua mizigo. Mkazamjomba, ambaye hana ugomvi na samaki bali ana ugomvi na mume kuanguka, alitoa shauri kwamba samaki wale wapewe mtu mwingine. Alisema kwa upole, usiku, baada ya chakula. Mjomba hakujibu. Alisimama, akazima taa ya hodhi, akaenda kulala.

Siku mbili baadaye nilimweleza kwamba upo mtambo unaoweza kubadilisha maji wenyewe. Nilidhani angefurahi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mpwa wangu, mashine ikifanya yote, mimi nitabaki nikifanya nini? Nitaketi nikiwatazama samaki kama mtoto anayetazama televisheni?" Swali hilo ndilo lililoongoza kazi yote iliyofuata. Halikuwa swali la mabomba. Mtu aliyepoteza usukani, kisha akapoteza nguvu ya kuinua mtungi, alikuwa akiuliza ni kazi gani itakayobaki mikononi mwake.

Tulianza na hesabu. Kati ya kutoa maji mengi mara moja kwa mwezi na kutoa machache kila siku, ipi ni bora? Ukitoa lita 60 kwa mkupuo katika hodhi la lita 200, umeondoa asilimia 30 ya maji ya kale. Ukitoa lita 2 kila siku kwa siku 30, umetumia lita 60 zile zile, lakini hukuondoa asilimia 30. Sababu ni kwamba kuanzia siku ya pili, sehemu ya maji unayotoa ni yale mapya uliyotia jana. Hesabu kamili huja karibu asilimia 26. Kwa hiyo njia ya kidogo kidogo hupoteza takriban lita 8 za maji mema kwa mwezi. Faida yake ni kwamba samaki hawashtuki. Joto halibadiliki ghafla, chumvi haibadiliki ghafla, na nitrati haipandi mwezi mzima ili iporomoke kwa saa moja. Mjomba alifikiri kidogo, akasema kwamba ng'ombe naye ukimbadilishia malisho kwa siku moja, hukunyima maziwa. Tukaafikiana juu ya lita 2.

Pampu tuliyoichagua ni ya ajabu kwa usahili wake. Haina panga wala parafujo inayogusa maji. Ina gurudumu lenye vibiringisho vidogo, na kila kibiringisho hubana mpira laini na kusukuma maji yaliyomo mbele yake, kama vidole vya mkamuaji vinavyoshuka juu ya chuchu ya ng'ombe. Mota moja huzungusha magurudumu mawili kwa pamoja. La kwanza hukamua maji ya kale kutoka kwenye hodhi hadi kwenye ndoo yenye mfuniko. La pili hukamua maji mapya kutoka kwenye pipa hadi kwenye hodhi. Kwa kuwa mota ni moja, yanaanza pamoja na kukoma pamoja. Swichi yenye saa huiwasha mara nne kutwa, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku, na kila mara hupita nusu lita.

Kabla ya kuiamini, tuliipima. Kila mpira tuliuelekeza kwenye jagi la kupimia maziwa, tukaiwasha pampu kwa dakika 10, tukalinganisha. Mipira ilitoa kiasi sawa. Kisha tulifikiria radi, maana huku umeme hukatika mara mvua inapokazana. Ncha ya mpira wa kuingiza tuliifunga juu ya uso wa maji, isiguse, ili maji ya hodhi yasipate njia ya kurudi pipani umeme ukizimika. Ncha ya mpira wa kutoa tuliizamisha sentimita mbili tu, ili hata kama maji yangejivuta yenyewe, yakome hapo. Pipa la maji mapya lilikuwa la lita 60, wala hatukulitaka kubwa zaidi, ili hata mambo yakiharibika kabisa, maji ya ziada yawe na kikomo.

Lipo jambo jingine ambalo mgeni wa maji ya chumvi hulichanganya na hili. Maji huyeyuka na kupaa, lakini chumvi haipai. Mogogosiek kuna baridi, nasi tunayapasha maji hadi nyuzi 26; usiku vioo hutoka jasho na kina hushuka. Hodhi la lita 200 lenye gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji likipoteza lita 10 kwa njia hiyo, hufika karibu gramu 37. Ukijaza pengo hilo kwa maji ya chumvi, unaongeza ukali juu ya ukali. Panahitajika maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa kazi hiyo tulitumia koki ya boya, aina ile ile iliyomo katika tangi la maji la nyumba. Kina kikishuka, boya hushuka, koki hufunguka. Kina kikipanda, hufunga. Mjomba alilishika boya lile dogo kiganjani, akacheka. Alisema alikwisha kuona maboya makubwa kuliko nyumba yakielea nje ya Kilindini, wala hakujua kwamba ndugu yao mdogo amekuwa akiishi darini mwake miaka yote hiyo.

Maji baridi tunayo tele, maana mvua haina choyo. Hata hivyo, paa ni la mabati, na mabati yamepakwa zinki. Zinki ikiingia katika maji ya chumvi huwaua konokono wadogo wanaosafisha mwani, hata kama samaki watanusurika. Kwa hiyo tunaiacha mvua ioshe paa kwanza, ndipo tukinge, kisha tunayapitisha maji katika mrija wenye chembe za resini zinazonasa madini. Maji hayo ndiyo yanayokwenda kwenye boya, na ndiyo tunayochanganyia chumvi katika pipa, takriban gramu 36 kwa lita. Mchanganyiko huo huzungushwa kwa pampu ndogo siku nzima kabla ya kutumika. Maji ya kale hatuyamwagi shambani wala mtoni. Lita 60 kwa mwezi hubeba chumvi ya zaidi ya kilo 2, na mchai haukuumbwa kwa hayo. Huenda katika choo cha shimo, mbali na mashamba na kisima.

Hapo ndipo nilipoiona hatari iliyojificha, na ndani yake nikaona jibu la swali la mjomba. Tuseme mpira wa kuingiza umechoka kidogo, ukaleta lita 1.9 badala ya 2, ilhali wa kutoa bado unatoa 2 kamili. Kina kitashuka kwa mililita 100. Boya halijui sababu. Litafungua koki na kujaza maji ya mvua. Jicho litaona hodhi limejaa kama jana. Kila kitu kitaonekana kizuri, na chumvi itakuwa ikipungua siku kwa siku. Mtambo mmoja unalificha kosa la mtambo mwingine. Hakuna swichi wala saa itakayolitangaza. Panahitajika mtu wa kupima.

Nikamwambia mjomba kwamba kazi hiyo ni yake. Kipimio ni kama darubini ndogo ya mkononi. Unatia tone moja juu ya kioo chake, unafunika, unachungulia kuelekea dirishani, na mstari hukuonyesha kiasi cha chumvi. Tone moja halihitaji mkono wenye nguvu, na hata mkono unaotetemeka hudondosha. Kinachohitajika ni jicho la mtu aliyesoma vipimo vya dashibodi kwa miaka 28, pamoja na uaminifu wa kuandika daftarini kila Jumamosi. Alikubali, wala hakukubali kwa kunihurumia. Aliona kwamba kazi hiyo ni ya lazima.

Ilibaki karatasi ya maelekezo ya kubandikwa ukutani, ili mkazamjomba na watoto wajue la kufanya nisipokuwapo. Kijitabu kilichokuja na pampu kilikuwa cha Kiingereza na Kichina. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilijiona niko katika uwanja wangu. Niliandika kichwa cha kwanza: Kupwa na Kujaa. Nilikuwa na hoja zangu. Maji yanatoka na kuingia. Mtambo hugeuka mara nne kutwa, kama bahari inavyojaa mara mbili na kupwa mara mbili. Mjomba alianza kwa utani: "Wewe ndiwe mpwa, basi kazi ya kupwa ni yako." Kisha akaisoma karatasi mara ya pili, akatikisa kichwa.

"Bahari ikipwa," alisema, "mwamba huonekana. Watu hushuka na vikapu kuokota. Ngalawa hukaa mchangani. Hapa hakuna kinachoonekana. Maji yako hayashuki hata kidole. Hii si kupwa."

Niliitazama hoja hiyo pande zote, nikaona haina nyufa. Mtambo wetu ulikuwa umeundwa makusudi ili kina kisibadilike. Tena maji ya bahari huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku kwa sababu yanaufuata mwezi. Swichi yetu haiujui mwezi, inajua saa tu. Aidha, Mombasa wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3, na wakati wa maji mafu hupungua sana. Hodhi la mjomba halina bamvua wala maji mafu. Neno nililolichagua lilikuwa zuri, lilikuwa la kishairi, na halikuwa na mahali pa kukaa.

Nilijaribu upande wa pili: "ubadilishaji otomatiki wa maji". Mkazamjomba aliuliza kama huo ni mtihani. Tukaendelea kutafuta, huku chai ikipoa mezani. Ndipo mjomba alipotoa neno kupokezana. Madereva wawili wakiendesha lori moja usiku kucha hupokezana. Mmoja anashuka, mwingine anapanda, na lori halisimami. Maji ya kale yanashuka, mapya yanapanda, na hodhi halipungui. Neno likakaa. Kwa kazi ya boya, mkazamjomba ndiye aliyesema ni kuzimua. Chai ikizidi ukali, unaizimua kwa maji. Chumvi ikizidi ukali kwa sababu maji yamepaa, unaizimua vilevile. Mjomba alimkumbusha kwamba walevi nao wanalo neno hilo, kwa maana yao ya asubuhi. Tukacheka, lakini tukaliandika. La tatu halikuwa na ubishi: kupima.

Basi karatasi ilibandikwa ikiwa na vichwa vitatu. Kupokezana: angalia pipa lisipungue chini ya alama, na ndoo isijae. Kuzimua: angalia dumu la maji ya mvua. Kupima: kila Jumamosi, 35.

Mwishoni mwa mwezi Februari mwaka 2024, nikiwa chuoni, mjomba alinipigia simu. Hakuanza kwa salamu ndefu kama ilivyo desturi yake. Alisema, "Thelathini na nne." Alikuwa amepima mara tatu. Jumamosi nne kabla ya hapo daftari lilionyesha 35, kisha mstari ukaanza kuteremka polepole. Alikuwa amekwisha kumwagiza mwanawe apime mipira kwa jagi la maziwa, na mpira wa kuingiza ulileta pungufu. Ulikuwa umechoka mahali vibiringisho vinapoubana, kama ilivyo ada ya mipira hiyo, ambayo hubadilishwa mara kwa mara. Waliweka mpya, wakaendelea, na chumvi ikapanda taratibu. Hodhi lilikuwa limejaa pomoni muda huo wote, na samaki walikuwa wakila kama kawaida. Isipokuwa kwa lile tone la Jumamosi, chumvi ingeendelea kushuka hadi konokono, kisha samaki, watoe habari kwa njia yao.

Nimelitafakari jambo hili pamoja na masomo yetu. Mjadala juu ya istilahi ni wa zamani. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa nchini Tanzania mwaka 1967, na tangu hapo wataalamu wengi wamejitolea kuunda maneno ya sayansi na ufundi. Sina nia ya kubeza kazi yao. Bila hiyo tusingefundisha lolote zaidi ya shule ya msingi. Ninachokiongeza ni kidogo. Istilahi nayo hupimwa. Neno linaweza kujaa pomoni katika orodha, likaonekana sawa na jingine, ilhali chumvi yake inapungua kwa sababu hakuna anayelitia tone juu ya kioo. Mpimaji wake ni yule atakayeamka saa kumi na mbili asubuhi kuangalia pipa. Mkazamjomba hakusomea isimu, lakini kuzimua ni lake, na sijaona kamusi itakayompokonya.

Kuhusu deni langu la bahari, silidai kwamba limekwisha. Hodhi moja halimgeuzi mtu wa Litein kuwa mtu wa Tumbatu. Hata hivyo, nisomapo neno bamvua sasa, silioni tena kama fasili ya kukariri. Naona kile ambacho hodhi la mjomba halina: mwamba unaochomoza, vikapu vinavyoshuka, ngalawa inayongoja, mwezi unaoamuru saa. Nimejifunza maana ya neno kwa kulijaribu mahali lisipofaa na kukataliwa na mzee aliyeliona likifanya kazi. Nadhani hiyo pia ni njia ya kusoma ushairi, nasi watu wa bara tusiione haya.

Nawaalika wanachama wenzangu waliozaliwa mbali na pwani wafanye vivyo hivyo na maneno ya makwao, yawe ya kiwanda cha chai, ya zizi au ya karakana. Na kama yupo msomaji mwenye neno lililo bora kuliko kupokezana, alilete, nitalipeleka Mogogosiek. Namtahadharisha tu kwamba mjomba hatalijadili kabla ya kumwona mgeni huyo akijaza pipa.